Goti la Masaru

Doha,
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeiona bahasha na moyo umeanza kwenda mbio, kwa sababu kwetu barua haiji hivi hivi. Kaa kwanza. Siumwi, sijafukuzwa, sijagombana na mtu. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe haukuanza leo.

Kifua chako kinaendeleaje na mvua hizi? Konsolata aliniambia ulikohoa wiki mbili na ukakataa kwenda zahanati mpaka muhogo uishe kuanikwa. Muhogo hauna miguu, Mama, ungekungoja. Na bati la jikoni, lile lililokuwa likipigapiga, kuna mtu amelipigilia? Nimesikia usipa wamevuliwa ziwani kwa wingi mwaka huu, mpaka watu wa Lituhi wamekosa pa kuwaanika. Habari kama hiyo nikiipata nakaa nayo kazini siku nzima, naigeuza geuza kichwani mpaka muda wa kutoka.

Sikupiga simu kwa sababu moja. Kila nikipiga, mtu anakuwekea sauti kubwa, na nusu ya jumuiya ya Mtakatifu Anna inakuwa imekaa hapo nje inasikiliza na kuniitikia. Nawapenda wote. Lakini hili nililonalo sitaki mwenyekiti, Mzee Batromeo, alisikie kabla yako. Barua anakuja nayo dada mmoja wa Songea aliyemaliza mkataba wake huku. Atamfikishia Konsolata pale Mbinga, na Konsolata nimemwapisha asiifungue, maana dada yangu namjua. Barabara ya Litumbandyosi ikipitika atakuletea mwenyewe.

Mzigo wako umefika. Kaka Gaudensi wa Mbinga, yule anayefanya kazi uwanja wa ndege huku, alirudi kutoka likizo Jumatano, nikaenda kuuchukua. Usipa walifika salama, hata mmoja hakuvunjika. Nilipopanda nao ngazi za bweni letu watu wa ghorofa ya pili walifungua madirisha, na Mhindi mmoja akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimefia kwenye begi langu. Niliwala wakavu, kwa mkono, bila ugali, nimesimama. Kisha nikakaa kitandani.

Chini ya usipa nikakuta chupa ya mafuta ya kuchua, umeifunga kwa kipande cha kitenge, na karatasi yenye mwandiko wako: "Ya goti la Masaru. Apake asubuhi na jioni. Asiruke kwa siku saba."

Mama, karatasi hiyo nimeisoma sijui mara ngapi. Ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Nitasema mara moja ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Masaru hayupo. Hajafa, usishtuke, hakuwahi kuzaliwa. Ni mtu wa kuchorwa. Ni katuni, kama zile wanazoangalia watoto wa Konsolata, ila hii ni ndefu na mambo yake si ya kitoto. Na wale wenzake wote ninaokuhadithia kwenye simu, nahodha, kocha mwenye kikohozi, yule mfupi mwenye domo, wote ni wa humo humo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, uone jinsi mtu mzima mwenye ndevu anavyoweza kuingia kwenye uongo huku hajatamka hata neno moja la uongo.

Kazi yangu unaijua: kufua mashuka ya mahoteli. Sijawahi kukueleza inavyokwenda kwa sababu hakuna cha kueleza. Shuka linatoka kwenye mashine ya pasi likiwa bado moto, mimi nashika pembe mbili, mtu wa upande wa pili anashika pembe mbili, tunakutana katikati, tunakunja, tunaweka. Halafu lingine. Ni saa kumi na mbili kwa siku, siku sita. Mashine zinanguruma, kwa hiyo hatuzungumzi, na yule wa upande wa pili hubadilishwa kila baada ya wiki chache. Kuna mtu nimekunja naye mashuka maelfu na jina lake silijui. Siku nyingine nafika chumbani nagundua kwamba tangu alfajiri sijasema neno, na nikijaribu kusema sauti inatoka imekwaruza.

Chumbani nilikuwa na Mnepali mmoja, Prakash. Huyo nilikutajia. Ndiye aliyenionyesha. Wajapani wana katuni zao wanazoziita anime, na ziko za kila namna, za vita, za mapenzi, za mashetani. Prakash hakutaka hizo. Alitaka za michezo tu. Simu yake ilikuwa na app ambayo unaangalia moja kwa moja kutoka mtandaoni, na kila wiki inatoka sehemu moja mpya, dakika ishirini na nne, basi, mpaka wiki ijayo. Waifai ya bweni haifiki vyumbani. Inakamata kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, karibu na mtungi wa maji. Hapo ndipo tulipokuwa tunakaa kila Ijumaa saa nane mchana, siku yetu ya mapumziko, vichwa vimegusana juu ya kioo kimoja.

Unakumbuka banda la video la karibu na soko la samaki, ulilonikataza, nikaenda? Pale jamaa mmoja alikuwa anatafsiri filamu nzima kwa sauti yake peke yake, akawa mzee, akawa binti, akawa jambazi, na akichoka anaingiza utani wa watu wa kijijini. Huku hakuna wa kutafsiri. Wanaongea Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Prakash Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, kwa hiyo alikuwa anacheka, na mimi nacheka baada yake. Akalizoea hilo, akawa anasubiri kicheko changu kifike ndipo aendelee.

Hadithi yenyewe ni ya timu ya mpira wa wavu ya shule moja ya mji mdogo, mji wa uvuvi, baridi tupu. Wachezaji hawatoshi, ukumbi unavuja. Wanataka kufika mashindano ya taifa. Hicho tu. Mama, utaniuliza mtu wa miaka ishirini na tisa anatafuta nini humo, na mimi nimejiuliza. Nilicheza wavu shuleni, unajua, baba alitupatia ule wavu wake mkuukuu wa kuvulia tukaufunga kwenye miti miwili, na mpira ukipiga pale palipotoboka unapita tunaanza kugombana kama ni pointi. Labda ni hilo. Lakini nadhani ni jingine. Kwenye anime mtu anaruka kupiga mpira, na kabla hajashuka chini wanasimamisha kila kitu wanakueleza anachowaza. Anawaza alivyochekwa alipokuwa mdogo, anawaza mkono wake unavyomuuma, anamwaza yule mwenzake aliyempa mpira akaamini kwamba ataupiga. Mruko mmoja unaweza kuchukua sehemu nzima. Hata yule wa akiba, anayeingizwa ili apige mpira mmoja wa kuanzia kisha akae, naye ana siku yake ya kuelezwa. Na wakifungwa wanalia mbele za watu, na wale waliowafunga wanasimama kwenye mstari wanawainamia. Mimi nikikunja shuka hakuna anayesimamisha chochote. Nafikiri nilipenda kuona mahali ambapo mtu akichoka anaonekana kuwa amechoka.

Na ilinipa wiki. Kabla ya hapo siku zote zilikuwa rangi moja. Sasa Jumatatu nikawa najua ni siku nne kabla ya Ijumaa.

Prakash mkataba wake uliisha, akarudi kwao. Aliniachia app kwenye simu yangu, akaniandikia paswedi yake kwenye karatasi. Ina kitu kimoja hiyo app: inaonyesha mstari mwekundu, kuonyesha mwangaliaji alipoishia. Kwa kuwa wote tulitumia jina lake, nikifungua Ijumaa nilikuwa nakuta mstari umeshasogea, ujue ameshaangalia kule kwao milimani, akaachia dakika ya kumi na saba labda ameitwa na mke wake. Nilikuwa narudisha mwanzo, naangalia, nacheka peke yangu kwenye ngazi. Baadaye mstari ukaacha kusogea. Pengine ni kazi, pengine mtandao wa kwao. Sikumuuliza.

Ni miezi hiyo ndipo nilipoanza kukuambia wewe. Ulipiga ukaniuliza, "Baba, huko uko na nani sasa, yule Mnepali amekwenda?" Nikasema, "Nipo na vijana, Mama. Ijumaa tumeshinda." Nilisema tumeshinda kama Baba mkubwa anavyosema tumeshinda timu yake ikicheza Dar es Salaam na yeye yuko Lituhi anakuna mgongo. Sikukusudia lolote. Wewe ukafurahi, ukauliza mnachezea wapi, nikasema ukumbini, kwa sababu wanachezea ukumbini. Wiki iliyofuata ukauliza tena. Nikakuhadithia Masaru alivyoficha maumivu ya goti asitolewe kwenye timu, akaanguka katikati ya mechi.

"Mama yake anajua?" ukauliza.

"Hajamwambia."

"Mwambie amwambie. Mtoto hafichi maumivu kwa mama yake."

Hapo ndipo nilipojua kwamba umemchukua kuwa mtu. Nilikuwa na nafasi, Mama. Ilitosha kusema ni katuni hiyo, ukacheka, mambo yakaisha. Lakini kulikuwa na kitu kwenye sauti yako ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba azikwe, ulikuwa umetulia. Ukasema, "Afadhali una wenzako." Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Basi ikawa kila Jumapili nakupa habari za goti. Kocha amemweka benchi. Anafanya mazoezi ya mikono tu. Nilikuwa naangalia sehemu mpya Ijumaa nikiwaza nitakusimulia nini, na kwa kweli raha ya kukusimulia ilikuwa inazidi ya kuangalia.

Halafu Konsolata akanitumia ujumbe wa sauti, ana furaha kweli kweli, kwamba umepeleka jina la Masaru kwenye jumuiya na mmeanza novena, siku tisa, nyumba kwa nyumba. Akasema Mzee Batromeo aliuliza kama huyo kijana ni Mkristo, na wewe ukamjibu, "Hata kama si Mkristo, ana mama."

Niliusikiliza ujumbe huo kazini kwenye mapumziko ya chakula, kwenye chumba cha sabuni. Sikula. Nilifikiria wanawake wa jumuiya wametoka shambani na vumbi miguuni, wamekaa kwenye mikeka wanamwombea mtu aliyechorwa kwa kalamu. Nilicheka kidogo, nakuambia ukweli, ila aibu ilizidi.

Na Mungu naye, sijui alikuwa na nia gani na mimi, Ijumaa ileile mliyomaliza novena, Masaru alirudi uwanjani. Jumapili ukauliza. Ningesema nini? Nikasema, "Amerudi uwanjani, Mama, na amepiga pointi ya mwisho." Nikasikia vigelegele. Jumuiya nzima, Mama. Mzee Batromeo akachukua simu akasema mpe pongezi kijana wetu. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi karibu na mtungi wa maji, nikaegemea ukuta, nikasema nitampa.

Siku hiyo hiyo, kabla hatujaagana, nilikuuliza habari ya mkataba. Wangu unaisha, na wamenipa fomu ya miaka miwili mingine. Nilikuuliza nikitumaini kitu. Nilijua Baba mkubwa Erasto anataka nirudi, amesema mara nyingi kwamba nyumba ya marehemu mdogo wake haiwezi kukaa na mwanamke peke yake na mtumbwi unaoza. Nilitumaini utasema, haya, msikilize baba yako mkubwa. Badala yake ukasema umeshamjibu. Umemwambia amwache mtoto, mtoto ana wenzake wazuri, hata wagonjwa anawauguza. Ukaniambia, "Saini, baba. Mtu aliyetoka kuumia hivi karibuni hawezi kuachwa. Mtu haachi wenzake."

Nilisema sawa. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Sasa unaona jinsi nilivyojifunga kamba mwenyewe. Wewe unakaa peke yako na kifua hicho, unakataa kuniita, ili nisimwache Masaru. Baba mkubwa amenyamazishwa na Masaru. Nikikwambia ukweli nakuaibisha mbele ya watu waliopiga magoti. Nisipokwambia nakunja mashuka miaka miwili mingine kwa ajili ya katuni. Na katuni yenyewe imeisha. Sehemu ya mwisho ilitoka juzi Ijumaa. Walifungwa kwenye nusu fainali, wakalia, wakainamiana, wakafunga mabegi wakapanda treni. Maandishi yakasema asante kwa kutazama. App ikaniletea picha za nyingine za kuchagua, ya baiskeli, ya kuogelea, ya kukimbia. Nilikaa hapo ngazini na sikuchagua.

Naogopa maneno ya watu, sikufichi. Watasema amerudi mapema, hana hata gari. Watasema alikuwa huko anaangalia katuni na mama yake anasali. Na kweli nilikuwa naangalia katuni na wewe unasali. Nisamehe, Mama. Sikutaka kukuchezea. Nilitaka tu, ukiniuliza niko na nani, niwe na jibu.

Mafuta nimeyatumia mwenyewe. Nimejichua miguu siku nne mfululizo, maana kusimama kule kunaivimbisha, nayo imepungua. Karatasi ilisema asiruke siku saba, nami sijaruka.

Msalimie Baba mkubwa Erasto, mwambie sikumdharau, nilikosa namna ya kumjibu. Shangazi Veneranda msalimie, mwambie nasikia bado anawasema wakwe zake, asiache, ndiyo dawa yake. Konsolata akisoma hapa, kwa sababu najua utampa asome, mwambie naye alinitumia habari ya novena kwa furaha bila kuuliza Masaru ni nani, kwa hiyo asinicheke peke yangu. Jumuiya sijui utawaambia nini. Nakuachia. Mzee Batromeo ukimwambia, mpe na kiti kwanza. Lakini waambie hivi kutoka kwangu: vigelegele vile vilikuwa vya Masaru, ila mimi ndiye niliyevisikia, na huku hakuna mwingine aliyenishangilia.

Fomu iko chini ya godoro. Msimamizi anaitaka Alhamisi. Barua hii itakapokufikia Alhamisi itakuwa imekwisha kupita, na nimefanya hivyo kwa makusudi, usije ukapiga simu ukanisihi mbele za watu nikasema sawa tena. Nitaipeleka ikiwa tupu, bila jina langu wala sahihi. Uliniambia mtu haachi wenzake, na ni kweli haachi. Nimehesabu, Mama. Huku hakuna hata mmoja ninayemwacha.

Mwanao anayekuja,
Osmundi